Kesi yangu ililipiwa na nani, na kwa shilingi ngapi? Uzi kuhusu wafadhili wa msaada wa kisheria na ofisi za mawakili

#1 – Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeukalia zaidi ya mwaka mmoja. Nimefanya uhasibu kwenye mashirika mawili ya msaada wa kisheria kwa miaka tisa. Sitayataja mashirika hayo, wala ofisi ya mawakili nitakayoisema hapa chini, wala mfadhili, na naomba asinifuate mtu faragha kutaka majina.

Nina jambo moja tu la kusema. Pesa ya msaada wa kisheria ina watu watatu: mfadhili, ofisi ya mawakili na mwenye kesi. Wawili wa kwanza wanaandikiana taarifa kila robo mwaka. Wa tatu haambiwi kitu. Na kila ubadhirifu niliowahi kuushika kwa mkono wangu ulipenya hapo hapo, kwenye kutojua kwake.

Kwa asiyejua mambo yanavyokwenda: mfadhili anatoa ruzuku kwa shirika. Shirika lina wasaidizi wa kisheria vijijini na wanasheria wachache ofisini. Ikitokea kesi inayohitaji wakili wa kusimama nayo, na wa kwetu wamezidiwa, inapelekwa kwenye ofisi ya mawakili mjini kwa bei ya makubaliano. Wakili anafanya kazi, analeta ankara, mhasibu analipa, ankara inawekwa kwenye faili kumsubiri mkaguzi. Basi. Mwenye kesi ni jina kwenye safu ya wanufaika, na kidole gumba chake kwenye fomu aliyosomewa harakaharaka siku ya kwanza.

Sasa niwaambie habari ya kalenda.

Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, alikuja ofisini mama mmoja kutoka Muheza. Mumewe alikuwa amefariki, shemeji zake wakakata kipande cha shamba la michungwa wakakiuza, na shauri lilikuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Alimkosa mwanasheria wetu, akaja kwangu kwa sababu mlango wangu ndio uliokuwa wazi. Akatoa kwenye mkoba kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, zile zinazogawiwa bure na maduka ya pembejeo, imekunjwa mara nne. Nyuma yake kulikuwa na mistari kumi na moja kwa kalamu ya bluu, kila mmoja na tarehe yake. "Karani 10,000. Nauli ya wakili 20,000. Kuchapa 15,000. Nauli ya wakili 20,000." Chini amejumlisha mwenyewe na kupiga mistari miwili: 165,000.

Akaniuliza kama anaweza kuvumiliwa mwezi ule, maana machungwa yalikuwa bado.

Ankara ya shauri hilo hilo nilikuwa nimeilipa wiki mbili nyuma. Sh 600,000, na ndani yake nauli ya wakili, uchapaji na ada za baraza. Nikaitoa kwenye faili, nikaiweka mezani, kalenda kushoto, ankara kulia. Tarehe zilifuatana vizuri kabisa. Nauli ile ile imelipwa na mfadhili na imelipwa na mama. Tena kulikuwa na siku moja kwenye ankara, "kuhudhuria shauri, Sh 80,000", ambayo kwenye kalenda mama ameandika: "mwenyekiti likizo, tumerudi". Nikamuuliza kama wakili alifika siku ile. Akasema hapana mwanangu, alitoka karani wa baraza tu akatutajia tarehe nyingine.

Nilipeleka kwa mkurugenzi. Kikao kikakaa. Ofisi ya mawakili ikakubali kupunguza ankara iliyofuata, mfadhili akaandikiwa "marekebisho ya gharama", jambo likaisha. Mama hakurudishiwa hata senti tano. Hakuambiwa hata kwamba alikuwa hadaiwi. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba akiambiwa huyu atawaambia na wenzake.

Nakaribisha michango. Mawakili mliomo humu nawaomba msikae kimya.

#2 – Mchangiaji

Uzi wa maana sana huu. Ila mkuu, mbona uwazi umeshawekwa kisheria? Mashirika yanatakiwa kutangaza pesa zao.

#3 – Mleta mada

Ni kweli mkuu. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinataka shirika litangaze kwa umma fedha lilizopata na lilivyozitumia, na mkataba na mfadhili unaozidi Sh milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo. Ipo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayosajili watoa huduma na kukataza mlengwa, yaani anayesaidiwa, kutozwa.

Lakini angalia taarifa hizo zinaelekea wapi. Zote zinapanda: kwa Msajili, Hazina, mfadhili, mkaguzi. Tangazo la gazeti linataja jumla ya mradi mzima kwa mwaka mzima. Mama wa Muheza hata angelinunua gazeti hilo na kulisoma mpaka ukurasa wa mwisho asingejua kama ile elfu ishirini ya nauli ni halali au siyo. Anachohitaji ni mstari mmoja unaohusu kesi yake, na mstari huo haumo popote isipokuwa kwenye faili langu.

#4 – Mchangiaji (wakili)

Mleta mada umetuita, nimeitika. Kwanza nakiri, hayo yapo na ni aibu kwa taaluma yetu. Wakili anayechukua pesa ya mjane huku ameshalipwa na mradi anastahili kufikishwa kwenye Kamati ya Mawakili, siyo kukatwa ankara kimyakimya.

Lakini umesimulia nusu. Mimi nimefanya kazi za miradi miaka saba. Ngoja nieleze upande wetu.

Bei anapanga mfadhili. Hakuna anayeniambia kaipataje. Unaambiwa shauri la ardhi ni Sh kadhaa, saini hapa. Shauri la ardhi linaweza kuisha kwa miezi minne au likaenda miaka mitano hadi Mahakama ya Rufani, bei ni ile ile. Unapeleka maombi ya kuwa kwenye orodha ya mawakili wa mradi, unajibiwa "hamkufanikiwa", hakuna alama, hakuna sababu. Baadaye unakuta aliyechukua kesi zote ni ofisi ambayo mmoja wa wenye nayo yumo kwenye bodi ya shirika linalogawa. Halafu malipo yanachelewa miezi sita, na katikati ya mradi bajeti inabadilishwa na wewe unapata barua tu. Mkataba wenyewe kurasa thelathini za Kiingereza, na vipengele vyote vya uwazi ni vya kunibana mimi. Hakuna kimoja kinachombana mfadhili anieleze chochote.

Nikiwa mkweli, vijana wengi wanaanza kuomba "nauli" kwa mteja pale malipo ya mradi yanapochelewa. Sihalalishi. Nasema mlango unafunguliwa hapo.

#5 – Mleta mada

Wakili msomi, ahsante kwa mchango huu. Umesema kweli na mimi ni shahidi wa kuchelewa kwa malipo, maana simu za kulalamika nilikuwa nazipokea mimi. Hilo la mjumbe wa bodi kugawia ofisi yake mwenyewe nimeliona pia. Lilikuwa linaitwa "ofisi tunayoiamini".

Jambo la mfadhili kuficha hesabu zake lina mfano mkubwa na ulioandikwa, na nataka niusimulie kwa kirefu kidogo kwa sababu sisi huku huwa tunadhani uwazi ni deni la anayepokea peke yake.

Uingereza msaada wa kisheria ulianza kwa sheria ya 1949, na mfadhili ni serikali. Tangu Aprili 2013 pesa hiyo, kwa England na Wales, inasimamiwa na chombo kinachoitwa Legal Aid Agency. Ofisi za mawakili ni za watu binafsi, zinaingia mkataba na chombo hicho, zinadai kwa ankara. Yaani ni kama huku, ila pesa inatoka kwa mlipa kodi badala ya ubalozi.

Mwaka 2014 serikali ilitaka kupunguza idadi ya ofisi zenye mikataba ya zamu ya kuwatetea watu wanaoshikiliwa vituo vya polisi. Waziri alikuwa Chris Grayling. Uamuzi wa idadi hiyo uliegemea ripoti mbili za washauri, Otterburn na KPMG, na mawakili hawakupewa nafasi ya kuzijibu kabla uamuzi haujafikiwa. Vyama vya mawakili wa jinai vikaenda Mahakama Kuu. Septemba 2014 mahakama ikasema mashauriano yale hayakuwa ya haki kiasi cha kuwa kinyume cha sheria. Unaona? Mfadhili alikuwa na haki ya kupunguza mikataba. Hakuwa na haki ya kuficha hesabu aliyoitumia kupunguzia.

Wakarudia mashauriano, wakatangaza zabuni ya mikataba 527. Majibu yalipotoka 2015, mmoja wa walioshiriki kusahihisha zabuni akajitokeza hadharani akadai kwamba wasahihishaji wengi walikuwa vibarua wa muda wasio na ujuzi wa sheria. Ofisi zilizokosa zikaanza kuuliza alama zao zilipatikanaje. Kesi zikamiminika, karibu mia, na Januari 2016 waziri aliyefuata, Michael Gove, akaufuta mpango mzima. Fikiria ofisi ndogo iliyokuwa imeajiri watu ikitegemea mkataba ule, na nyingine iliyokuwa imeshaanza kufunga.

Ikaja tena. Kule malipo ya kesi kubwa za jinai yanategemea, pamoja na mambo mengine, idadi ya kurasa za ushahidi wa upande wa mashtaka. Desemba 2017 serikali ilishusha ukomo wa kurasa zinazolipwa kwa hesabu hiyo kutoka 10,000 hadi 6,000. Chama cha mawakili kikaenda mahakamani, na Agosti 2018 uamuzi ule ukatenguliwa kwa sababu uchambuzi wa takwimu uliotumika haukuwekwa wazi wakati wa mashauriano, na wenyewe ulikuwa na kasoro. Mara mbili ndani ya miaka minne, mfadhili yule yule, kosa la aina ile ile.

Kwa hiyo wakili, ukipewa bei bila kuelezwa ilivyopatikana, una haki ya kuuliza. Na mfadhili mwenye hesabu safi hana sababu ya kukasirika.

Niongeze kitu kimoja cha kule ambacho nakitamani sana hapa: pamoja na takwimu za msaada wa kisheria za kila robo mwaka, inatolewa takwimu ya kila ofisi yenye mkataba, kazi ilizofanya na thamani yake. Kwa jina la ofisi. Mtu yeyote anafungua anasoma. Hapa kwetu, mtaje mtu mmoja wa nje ya mradi anayejua ofisi gani ya mawakili imelipwa nini mwaka jana.

#8 – Mchangiaji (Nairobi)

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwetu Sheria ya Msaada wa Kisheria ni ya 2016, na imeunda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na mfuko wake. Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila hivyo angedhulumika pakubwa. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata za mtu binafsi zikihitajika kulinda haki yake. Sheria ya habari ya 2016 inaipa afisi husika siku 21 kujibu.

Ninachotaka kusema ni kwamba mteja wa msaada wa kisheria hajui kwamba yeye ni mwenye haki katika mambo haya. Anajiona ameombewa. Nimekaa na akina mama korokoroni na kwenye viti vya mahakama, ukimwuliza "wakili wako analipwa na nani?" anakujibu "ni mtu mwema tu." Mtu akikuona mwema, hatakuuliza risiti.

#9 – Mleta mada

Ndugu wa Nairobi umegusa mfupa. Kwetu ni hivyo hivyo, wanasema "nimesaidiwa". Na anayejiona amesaidiwa anaona aibu kuuliza bei.

Sisi huku Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ni ya 2016 pia, muda wa kujibu ni siku 30, na inagusa hata taasisi binafsi iliyosajiliwa ikiwa inatumia fedha za umma au ina taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Sijawahi kuona barua hata moja ya mlengwa akiitumia kuuliza habari za kesi yake. Tisa miaka, barua sifuri.

#11 – Mchangiaji (wakili)

Mimi ni wakili mwingine, napinga kidogo. Uwazi, uwazi, halafu siri ya mteja inakwenda wapi? Nimewahi kuombwa na afisa miradi nitoe nakala za majalada yote ya kesi za ukatili "kwa ajili ya uthibitisho". Nikakataa, nikatolewa kwenye orodha. Sheria ya Ushahidi inanikataza kutoa aliyoniambia mteja bila ridhaa yake. Mnataka mfadhili ajue kila kitu?

#12 – Mleta mada

Wakili, nakuunga mkono kwa mikono miwili, na hapa nina la kukiri, maana mimi mwenyewe nilishiriki.

Kwenye shirika la kwanza mkaguzi wa mfadhili alikuja akataka kuthibitisha kesi ishirini. Mkurugenzi akasema mpeni anachotaka. Nilisimama kwenye mashine ya kudurufu kuanzia saa nane hadi giza linaingia. Kulikuwa na jalada la binti wa darasa la sita. Maelezo yake yameandikwa na msaidizi wa kisheria kwa mkono, jina la kijiji, jina la shule, jina la mjomba wake. Nilifuta jina la binti kwa kalamu ya wino mweusi, nikainua karatasi kwenye mwanga wa taa, bado linasomeka. Nikadurufu nakala ya nakala ili lipotee. Karatasi ile ikaenda kwenye begi la mtu nisiyemjua, na sikuwahi kujua iliishia wapi. Kilichokuwa kinathibitishwa ni malipo ya Sh 400,000.

Mfadhili alihitaji kujua nini pale? Kwamba kesi ipo, namba yake mahakamani, tarehe zilizohudhuriwa, nani alihudhuria, na kiasi gani kililipwa. Hayo yote yanathibitika kwenye mwenendo wa shauri na kwa kumpigia mteja simu kwa ridhaa yake. Habari ya binti haikuwa na kazi kwenye ukaguzi wa pesa. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na naamini nilichokifanya jioni ile leo kingekuwa na kesi.

Na mfadhili anayekusanya kila kitu anajibebesha mzigo. Ile Legal Aid Agency ya Uingereza ilidukuliwa, wakagundua Aprili 2025, na mwezi uliofuata wakatangaza kwamba waliodukua wamechukua taarifa nyingi za watu walioomba msaada tangu 2010: anwani, namba za utambulisho, historia za jinai, hali zao za kifedha. Taarifa za watu maskini, zilizokusanywa kwa miaka kumi na tano.

Uwazi ninaoupigania ni wa pesa na kazi. Habari ya mteja ibaki kwa mteja na wakili wake. Ajabu yake ni kwamba tumefanya kinyume: siri za mteja tunazipandisha kwa mfadhili, na pesa tunamficha mteja.

#15 – Mchangiaji

Sawa mleta mada. Dawa ni ipi?

#16 – Mleta mada

Nitaeleza tulichofanya shirika la pili, maana hicho nimekiona kikifanya kazi.

Tulitengeneza karatasi moja. Upande mmoja tu, Kiswahili, herufi kubwa. Nakala tatu: ya mteja, ya wakili, ya shirika. Inasomwa kwa sauti mbele ya wote watatu kabla kesi haijapokelewa. Inasema hivi:

*"Kesi yako inalipiwa na mradi wa ____. Wakili wako ni ____. Mradi utamlipa wakili Sh ____ kwa kesi yote, kwa hatua hizi: ____. Ndani ya pesa hiyo kuna nauli ya wakili, kuchapa na ada za mahakama. Wewe hutakiwi kumpa pesa wakili, karani wake, wala msaidizi wa kisheria. Nauli yako wewe ya kuja mahakamani ni juu ya ____. Mradi unaisha tarehe ____. Kesi ikiwa haijaisha siku hiyo, atakayeendelea nayo ni ____. Ukiombwa pesa, piga namba ____. Namba hii si ya wakili wala ya karani."*

Mistari yote ilipita kwa urahisi isipokuwa miwili.

Wa kwanza ni wa kiasi. Mawakili walisema mteja akiona Sh 600,000 atadhani wakili anatajirika kwa jina lake. Wengine walisema ataomba agawiwe. Tulijaribu. Alitokea mzee mmoja wa Korogwe kweli akauliza kama hawezi kupewa hiyo pesa mkononi aachane na kesi. Tukamweleza, akaelewa, tukaendelea. Mmoja. Wengine waliuliza maswali ambayo sijawahi kuyasikia kwa mteja kabla: "Hatua ya pili bado, mbona imelipwa?" Swali la namna hiyo mkaguzi wa Dar es Salaam halioni, ila aliyekaa kwenye benchi la baraza tangu saa mbili asubuhi analiona.

Wa pili ulikuwa mgumu zaidi, ule wa mradi kuisha. Mfadhili hakutaka uandikwe. Ofisi ya mawakili haikutaka kujaza jina lake kwenye "atakayeendelea". Lakini angalieni yaliyotokea. Uganda, mfuko wa wafadhili wa nje, DGF (Democratic Governance Facility), uliokuwa ukibeba mashirika mengi ya haki na utawala bora ulisimamishwa na Rais Museveni mwanzoni mwa 2021, na mwisho wa 2022 ukafunga kabisa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na miradi mingi haikufufuka. Kila mkataba kati ya mfadhili na mtekelezaji una kipengele cha nani anafanya nini pesa ikikatika. Mteja ambaye shauri lake limepangwa kusikilizwa wiki ijayo hana kipengele. Anafika na watoto, amevaa nguo ya kutokea, wakili hayupo, shauri linaweza kufutwa kwa kukosa wa kuliendesha. Tulibishana miezi miwili kwa ajili ya mstari ule na hatimaye ukakaa. Ofisi mbili za mawakili zilijitoa. Tatu zilibaki, na kwa kujaza jina pale zilijua zimeahidi nini.

Mengine ni mafupi. Lipa kwa hatua, usilipe kwa siku ya kuhudhuria, maana ukilipa kwa siku unanunua kuahirishwa. Mjumbe wa bodi mwenye hisa kwenye ofisi ya mawakili aandike hivyo na atoke chumbani wakati wa kugawa kesi. Ofisi iliyokosa zabuni ipewe alama zake. Mfadhili aandike tarehe ya mwisho ya kulipa ankara kama anavyoandika tarehe ya mwisho ya ripoti.

#19 – Mchangiaji (wakili)

Mimi wa #4. Hiyo karatasi ningeisaini leo. Hata kwa maslahi yangu: mteja akijua nimelipwa kiasi gani ataelewa kwa nini siwezi kumfuata kijijini kila mara. Sasa hivi wanadhani tumelipwa mamilioni na wazungu.

#21 – Mchangiaji

Samahanini, mimi si mwanasheria. Dada yangu ana kesi ya matunzo ya watoto kupitia shirika moja. Ametoa elfu sitini mpaka sasa. Nimesoma uzi huu usiku mzima. Afanye nini bila kumkosa wakili?

#22 – Mleta mada

Pole sana ndugu yangu, mpe pole dada. Asigombane na wakili kabla hajamaliza haya. Aandike kila alichotoa, tarehe, kiasi, alimpa nani, na kama alituma kwa simu atunze ujumbe wa muamala, ule hauna ubishi. Kisha aende kwenye shirika lenyewe, siyo kwa wakili, aulize kwa utaratibu: "Kesi yangu inalipiwa na mradi gani, na je, natakiwa kuchangia?" Aombe jibu la maandishi. Wasipompa, Sheria ya 2017 ina Msajili wa watoa huduma Wizara ya Katiba na Sheria, na wapo wasajili wasaidizi mikoani na kwenye halmashauri. Wengi huwa ofisi za maendeleo ya jamii, asiogope kuingia.

Kuhusu kumkosa wakili: hofu hiyo ni ya kweli na sitamwambia aipuuze. Ndiyo maana shirika ndilo liulizwe kwanza, kwa kuwa ndilo lenye uwezo wa kubadilisha wakili bila kesi kusimama.

#27 – Mchangiaji (Nairobi)

Mleta mada, na yule mama wa Muheza? Alijua mwishowe?

#28 – Mleta mada

Swali hili nimelala nalo siku tatu. Hakujua. Shauri alishinda, nilisikia baadaye. Mimi nilikuwa nimeshahama shirika, nikajiambia halinihusu tena.

#34 – Mleta mada

MREJESHO. Jumamosi nilipanda basi la asubuhi hadi Muheza. Nilimkuta nyumbani, amezeeka, amenikumbuka. Nilimweleza yote nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani: ankara, kiasi, zile nauli, kikao, na kwamba pesa yake alikuwa hadaiwi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo siku zile nilizokopa kwa jirani, wakili alikuwa ameshalipwa?" Nikamwambia ndiyo mama.

Akaingia ndani. Alikaa muda, nikadhani hatatoka. Akarudi na kalenda. Ile ile, mikunjo yake imeanza kukatika, ameitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hukumu ya baraza.

Tumeandika barua pale pale uani, yeye akitaja tarehe mimi nikiandika, mistari kumi na moja. Amesaini kwa jina lake. Jumatatu tunakwenda wote kwa msajili msaidizi wa halmashauri, nami nimekubali kuandika maelezo yangu kama shahidi na kuyasaini kwa jina langu halisi. Kalenda yenyewe amesema hatoi, tutapeleka nakala.